Kutoka gokati ya kukodi hadi langalanga: mwongozo kamili kwa mzazi wa Uganda

Kila likizo ya shule inapokwisha napokea ujumbe wa aina moja. Mzazi wa Ntinda, wa Jinja, wa Mbarara, anaandika: mtoto wangu ana kipaji, siku ya bethidei yake aliwaacha wenzake wote kwenye gokati, nimpeleke timu gani ya Ulaya? Miezi sita baadaye anaandika tena. Pesa zimekwisha na mtoto hajashindana hata mara moja.

Wengine huruka kutoka gokati ya kukodi moja kwa moja hadi kuziandikia timu za Formula 4. Wengine, kwa kuwa Uganda ni nchi ya rali, hununua gari kuukuu la rali wakamkalisha kijana wa miaka 16 humo, wakidhani njia ni ileile. Wengine hulipa wakala. Wote huangushwa na jambo moja: pesa hutoka kabla ya kipimo. Kwa hiyo hapa kila hatua ina kipimo chake, na nakuomba usilipie hatua ya mbele kabla mtoto hajakifikia kipimo cha hatua aliyopo.

Nikisema langalanga nakusudia gari la kiti kimoja ambalo magurudumu yake yako nje ya bodi: Formula 4, Formula 3, Formula 2, hadi Formula One yenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti ya mtoto. Wewe unaweza kuvuka kwenda Kenya au Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Mtoto mdogo hana kadi hiyo, na mashindano ya maana yako ng'ambo ya mpaka.
- Cheti cha daktari. Macho, masikio, moyo, na historia ya kifafa au kuzimia. Usifiche chochote, maana anayefichwa ndiye atakayekuwa ndani ya gari.
- Helmeti ya mbio. Ya gokati huwa na alama ya Snell K, na ya mtoto huwa na alama ya CMR, ambayo ni nyepesi ili isimchoshe shingo. Helmeti ya boda haikubaliki, hata iwe mpya kiasi gani.
- Ovaroli ya gokati. Hapa watu hupoteza pesa kwa kutojua. Ovaroli ya gokati imeshonwa kuzuia mchubuko, kwa sababu dereva wa gokati hafungwi mkanda na akianguka huburuzika juu ya lami. Ovaroli ya gari imeshonwa kuzuia moto. Moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine. Ya moto utainunua miaka ya mbele.
- Kinga ya mbavu, glavu, na viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Mbavu za mtoto huumia kwa kugonga ukingo wa kiti tu, hata bila ajali.
- Kipimo cha upepo cha presha ndogo. Tairi la gokati hujazwa takriban psi 10. Kipimo cha pale kwa fundi wa tairi, kinachofika 100, hakiwezi kukuonyesha tofauti ya nusu psi, na nusu hiyo dereva huisikia.
- Stopwochi na daftari la jalada gumu.
- Mtu mzima mmoja aliye tayari kuwa fundi. Mara nyingi ni wewe.
- Bajeti ya mwaka iliyoandikwa, na robo yake iwekwe kando isiguswe, kwa ajili ya ajali.

## Hatua ya 1: Pima kwenye gokati ya kukodi

Usinunue chochote kikubwa bado. Mpeleke mtoto kwenye gokati za kukodi siku ya kazi asubuhi, wakati uwanja hauna watu, umwambie aendeshe mizunguko 15. Mitano ya kwanza ya kupasha tairi moto, kumi ya kupimwa.

Andika muda wa kila mzunguko. Usitazame ule wa haraka zaidi. Tazama tofauti kati ya wa haraka na wa polepole katika ile kumi. Karibu kila mtoto mwenye damu moto atapata mzunguko mmoja mzuri, na ndio huo baba yake atausimulia mtaani. Timu humtafuta anayeweza kuurudia.

Fanya hivyo siku nne tofauti, na kila siku omba gokati nyingine. Gokati za kukodi hazilingani. Moja ina breki nzito, nyingine inavuta kushoto. Anayelalamika kuhusu gari kila siku na anayejirekebisha kulifuata gari huonekana mapema.

Dalili ya mafanikio: kwenye uwanja wa mzunguko wa sekunde 40 hivi, mizunguko kumi yote imo ndani ya nusu sekunde, kwenye gokati tatu tofauti. Na mtoto mwenyewe ndiye anayekuuliza mtarudi lini. Kama ni wewe unayemkumbusha, simama hapa.

## Hatua ya 2: Klabu na leseni

Mchezo huu nchini unasimamiwa na shirikisho la vilabu vya michezo ya magari, FMU, ambalo ndilo mwanachama wa FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, kwa upande wa Uganda. Leseni ya mashindano hutoka huko, na njia nyepesi ya kuifikia ni kujiunga na klabu iliyo chini yake.

Usiidharau karatasi hii. Bila leseni ya nyumbani huwezi kuruhusiwa kushindana nje, hata ukiwa na pesa ya kununua timu nzima. Anza na daraja la chini kabisa na uhifadhi kila risiti.

Nikiwa hapa niseme jambo la motokrosi. Uganda haina uwanja wa kudumu wa lami wa kukimbizia magari ya kiti kimoja, lakini motokrosi tunayo na inachezwa sana. Garuga wamo watoto wadogo wenye pikipiki za cc 50 wanaoruka vilima wasivyoweza kuvipanda kwa miguu. Kama mtoto ana miaka 6 au 7, motokrosi ni shule nzuri ya kuondoka kwenye mstari, kujua mshiko wa tairi, na kuanguka bila kuogopa tena. Haichukui nafasi ya gokati, lakini mtoto aliyepitia huko hufika gokati akiwa ameshajua nusu ya somo.

## Hatua ya 3: Nunua gokati iliyotumika

Gokati mpya kwa dereva mpya ni hasara. Ataigonga. Tafuta iliyotumika, ya aina inayoshindaniwa Afrika Mashariki na Kusini, ili upate spea na washindani. Rotax Max, aina ya gokati za mashindano zenye injini za Rotax, ni chaguo la kawaida kwa sababu injini hizo hufungwa kwa lakiri na huja na kitabu chake, hivyo ni vigumu mtu kukuuzia iliyochezewa. Madaraja yake hufuata umri: Micro kuanzia miaka 8, kisha Mini, Junior karibu na miaka 12, na Senior kuanzia 14.

Kagua hivi, kwa mpangilio huu:

1. Chasi. Vua magurudumu, ilaze juu ya sakafu ya terazo iliyonyooka. Ikicheza kama meza ya hotelini, imepinda. Kisha pitisha kidole kwenye viungo vya kiti na vishikio vya ekseli ya nyuma. Ufa huanzia hapo.
2. Mabomba ya chini. Yakiwa yamelika hadi kuwa bapa, chasi imechoka. Gokati haina springi. Chasi yenyewe ndiyo springi. Ikishachoka hakuna marekebisho yatakayoirudisha.
3. Ekseli. Izungushe kwa mkono ukiitazama kwa nyuma. Ikiyumba, pata bei ya mpya kabla ya kupatana.
4. Injini. Uliza ina saa ngapi tangu ifunguliwe. Muuzaji asiyekuwa na daftari la saa, hesabu kwamba utabadilisha pistoni wiki ileile, na uipunguze hiyo bei kwenye bei yake.

Tahadhari mbili za Kampala. Katwe wapo wachomeleaji ambao ningewakabidhi geti, tangi au trela bila kuangalia nyuma. Lakini chasi ya gokati ni chuma chenye mchanganyiko wa kromu. Ukiichomelea kwa fimbo za kawaida, sehemu iliyo pembeni ya mshono hugeuka kuwa ngumu na kavu, ikakatika mtoto akiwa kwenye kasi. Tafuta mwenye mashine ya gesi ya agoni na uzoefu wa mabomba membamba. Na Kisekka utapata beringi, boliti, hata nyaya, ila mnyororo hutapata. Wa boda ni saizi 428, wa gokati ni 219. Agiza minne kwa mpigo.

## Hatua ya 4: Ijue injini kabla ya kujua kasi

Hatua hii ndiyo inayoua bajeti nyingi kuliko ajali, kwa hiyo nitakaa nayo.

Injini ya gokati ya mbio ni ya mapigo mawili, ndugu ya ile ya pawaso. Haina oili yake ndani. Oili huchanganywa kwenye petroli. Kwa Rotax Max ni asilimia 2: lita 5 za petroli, mililita 100 za oili. Pima kwa kikombe chenye mistari, si kwa kifuniko cha chupa. Changanya ya siku hiyo tu, na nunua petroli kituo kilekile kila mara ili ukipata tatizo ujue halitokani na mafuta.

Sasa, hewa. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Hewa ikipungua na petroli ikabaki ileile, mchanganyiko unakuwa mzito: injini inakohoa, plagi inatoka nyeusi na yenye unyevu. Kwa hiyo huku kwetu tunaweka jeti, yaani kitundu kinachopitisha petroli, ndogo zaidi kwenye kabureta. Ukiteremka kwenda Mombasa au Dubai, hewa inaongezeka, na jeti ileile ndogo inageuka kuwa sumu. Petroli haitoshi, na kumbuka oili imo ndani ya hiyo petroli. Joto linapanda, ulainisho unapungua.

Niliyaona haya kwa macho yangu. Nilimpeleka mpwa wangu pwani ya Kenya kufanya mazoezi ya wikendi, gokati ikiwa na jeti za Kampala. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimechoka na safari ya basi nikasema nitabadilisha mchana. Mizunguko mitano ya kwanza ilikuwa ya haraka kuliko yote aliyowahi kuendesha, nikafurahi. Mchanganyiko mwepesi hudanganya hivyo, injini huwa tamu kabla ya kufa. Wa sita, mwisho wa njia iliyonyooka, sauti ikawa nyembamba kama ya mbu, halafu magurudumu ya nyuma yakafunga na gokati ikageuka ikitazama ilikotoka. Nilipofungua silinda, pistoni ilikuwa na michirizi upande wa moshi kama imekwanguliwa kwa msumari, na alumini imepakwa ukutani mwa silinda. Binti alisimama pembeni ameshika helmeti, akaniuliza kama ni yeye aliyeiharibu. Swali hilo sijalisahau.

Basi fanya hivi kila ufikapo uwanja mpya:

1. Uliza uwanja uko juu kiasi gani, uangalie joto la hewa.
2. Anza na jeti kubwa kuliko unayodhani inafaa. Nzito hukuchelewesha, nyepesi hukuulia injini.
3. Baada ya mizunguko mitano azime injini akiwa bado kwenye kasi, aingie akiteleza, vua plagi. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi, punguza jeti. Nyeupe au kijivu, simama hapohapo uongeze.
4. Andika daftarini: uwanja, saa, joto, jeti, rangi ya plagi, muda.

Dalili ya mafanikio: mwaka mzima bila injini kunoki, na daftari lenye kurasa za kutosha kukuambia jeti ya kuanzia bila kukisia.

## Hatua ya 5: Breki kwanza, kona baadaye

Mtoto anayeanza hudhani kasi iko kwenye mguu wa kulia. Iko kwenye mguu wa kushoto.

Gokati nyingi hufunga breki magurudumu ya nyuma tu. Ukikanyaga usukani ukiwa umekata, mkia unakupita. Kwa hiyo breki hukanyagwa kwa nguvu, gari likiwa limenyooka, kisha huachiwa taratibu wakati usukani unaanza kugeuka.

Weka jerikani tupu ya njano pembeni mahali anapoanza kubana breki leo. Mazoezi yajayo isogeze mbele mita moja. Endelea hadi aanze kuipita kona, kisha irudishe mita moja. Hapo ndipo mpaka wake wa sasa ulipo, na ameupata bila kugonga ukuta.

Kona yenyewe: aingie polepole kidogo, aguse ndani akiwa amechelewa, atoke usukani ukiwa unanyooka na mafuta yamefunguka. Ekseli ya nyuma ya gokati ni kipande kimoja, haina difu ya kuyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti, hivyo gurudumu la ndani lazima liinuke kidogo ndipo gari ligeuke. Simama kwenye kona umwangalie. Usipoona mwanga chini ya tairi hilo, au kiti kimewekwa vibaya au anageuza usukani kwa woga.

Kuwa mpole kwenye uzio. Nimeona akina baba wanaopiga kelele kila mzunguko, na mtoto anaanza kuwatazama wao badala ya kona. Mwambie jambo moja kwa kila awamu. Kisha kaeni chini mle rolex, ile chapati ya mayai, mzungumze mengine.

Dalili ya mafanikio: mizunguko 20 ndani ya sekunde 0.3, pamoja na ile ambayo wewe uliibana stopwochi bila kumwambia.

## Hatua ya 6: Simyuleta, kwa kiasi

Simyuleta, yaani usukani na pedali za kuendeshea mchezo wa mbio wa kompyuta, inasaidia kujifunza viwanja ambavyo hatafika kwa miaka mingi. Tumia pesa kwenye pedali ya breki inayopima nguvu ya mguu, si inayopima umbali wa kukanyaga. Usukani wa kati unatosha. Betri ya kuhimili umeme unapokatika ni lazima. Jann Mardenborough aliingia mbio za kweli mwaka 2011 kupitia shindano la mchezo wa video, na Cem Bölükbaşı akatoka michezo ya kompyuta hadi Formula 2 mwaka 2022, kwa hiyo mlango upo. Lakini simyuleta haina woga, na woga ndio unaofundisha breki. Saa tatu kwa wiki zinatosha.

## Hatua ya 7: Vukeni mpaka

Uganda hakuna washindani wa kutosha kwenye gokati, na asiyekutana na wanaomshinda hujidhania bingwa. Kituo cha karibu ni Kenya, uwanja wa Whistling Morans huko Athi River. Baada ya hapo ni Afrika Kusini, ambako ligi za Rotax zina historia, na tiketi za fainali kuu ya dunia ya Rotax hupatikana kwa kushinda.

Kabla ya Busia au Malaba, andika orodha ya kila kifaa na namba yake: chasi, injini, seti za tairi. Maofisa wa forodha waione na kuithibitisha mkiwa mnatoka. Mkirudi bila karatasi hiyo, mtajikuta mnaeleza kwa nini injini yenu wenyewe isitozwe ushuru. Kama mtoto anasafiri na kocha, abebe barua ya idhini ya wazazi wote wawili, na kadi ya homa ya manjano.

Panga kalenda na shule mapema. Mwaka wa P7 na wa S4, ile ya mitihani ya taifa, punguza mbio hadi zile za likizo tu. Sitaki ubishi juu ya hili: wengi wa wanaopanda gokati watahitaji kazi nyingine maishani.

Dalili ya mafanikio: usitafute kombe msimu wa kwanza. Tafuta asilimia. Kama anayeongoza anazunguka kwa sekunde 50, mtoto wako awe ndani ya nusu sekunde mwisho wa msimu. Hiyo ni asilimia 1, na ndipo mazungumzo ya Formula 4 yanapoanza kuwa ya kweli.

## Hatua ya 8: Mwili

Kuanzia miaka 14, shingo, mikono na moyo. Tyubu ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo na kuzungushwa kichwani, ukivuta pole kushoto, kulia, mbele, nyuma, ni mazoezi ya shingo ya bei nafuu. Magari ya Formula 3 na Formula 2 hayana usukani wa kusaidiwa na mashine, kwa hiyo mikono dhaifu huonekana mzunguko wa kumi. Mtoto wa chini ya miaka hiyo mwache aogelee na kukimbia.

## Hatua ya 9: Pesa, kwa ukweli wake

Msimu wa Formula 4 Ulaya hugharimu laki kadhaa za euro. Chukua euro 300,000 kwa shilingi 4,000, ni shilingi bilioni 1.2. Formula 3 hupita euro milioni moja, Formula 2 zaidi ya milioni mbili. Takwimu hizi hazijatoka kwangu kukukatisha tamaa. Zimetoka ili usiuze kiwanja cha Mukono kulipia robo ya msimu.

Watu hunitajia madereva wa Formula One: Esteban Ocon, ambaye wazazi wake waliuza nyumba na kuishi kwenye karavani, na Lewis Hamilton, ambaye baba yake alifanya kazi kadhaa kwa pamoja. Ni kweli. Lakini Hamilton alichukuliwa na timu ya McLaren mwaka 1998 akiwa na miaka 13, kwa sababu ya matokeo yaliyokwisha kuandikwa. Baba alibeba gokati. Formula 3 na zilizofuata zikabebwa na wengine.

Kwa hiyo mdhamini atafutwe wakati wa gokati, mapema. Andika ukurasa mmoja tu: mtoto ni nani, anashindana wapi na lini, amefikia asilimia ngapi, na kampuni itapata nini. Usiandike "tunaomba msaada". Muuza tairi apewe siku ya wateja wake kukutana na dereva; muuza oili apewe picha za injini iliyofunguliwa baada ya saa 40. Baada ya kila mbio, mtumie ripoti ndani ya siku tatu, hasa mkishindwa. Mdhamini mdogo anayepata ripoti hurudi mwaka wa pili, na mkubwa humwuliza mdogo kabla ya kutia sahihi.

Kama dereva ni binti, soma kanuni za F1 Academy, ligi ya madereva wa kike. Ilianza 2023 kwa magari ya Formula 4, na mwaka huo dereva alitakiwa kuleta euro 150,000, huku Formula One ikiweka kiasi kama hicho kwa kila gari. Bado ni pesa nyingi, lakini ni nusu ya mlima.

Tahadhari ya wakala. Usimlipe mtu yeyote pesa ya "kukuunganisha". Pesa ya kiti hulipwa kwa timu, kwa ankara ya timu, baada ya wewe kuliona jina la timu hiyo kwenye orodha ya washiriki wa mashindano yaliyothibitishwa na FIA. Anayekuharakisha kwa sababu "nafasi inaisha Ijumaa", mwache Ijumaa ipite.

## Hatua ya 10: Formula 4, siku ya majaribio na mkataba

Umri wa chini ni miaka 15. Ligi ziko nyingi: Italia, Uingereza, Uhispania, India tangu 2023, na za majira ya baridi huko Mashariki ya Kati, ambazo kwa mtu wa Entebbe ni ndege moja tu hadi Dubai. Mimi hushauri kuanza na msimu mfupi wa huko, kisha mwaka mzima kwingine. Ila usilipie msimu kabla ya siku mbili za majaribio.

Gari la kizazi cha sasa, Tatuus T-421, lina takriban nguvu za farasi 180, mabawa, na gia za kubonyeza nyuma ya usukani. Mtoto wa gokati hukosea mahali pawili: anageuza usukani kwa mshtuko, na anakanyaga breki kwa upole. Breki za gari hili hutaka mguu wote, halafu kuachia polepole. Siku ya kwanza lengo ni kurudisha gari zima. Jioni aombe kompyuta, alinganishe mstari wake wa breki na wa dereva mzoefu wa timu, kona moja baada ya nyingine. Siku ya pili arekebishe kona mbili tu.

Kabla ya sahihi, uliza na upate majibu kwa maandishi:

- Siku ngapi za mazoezi, na seti ngapi za tairi mpya?
- Kodi ya injini na ada ya kuingia mashindano zimo?
- Akigonga, nani analipa, na hadi kiasi gani? Kwa kawaida ni dereva. Bila kikomo kilichoandikwa, kona moja inaweza kumeza msimu.
- Mhandisi wake ni nani, na anahudumia madereva wangapi?
- Mkiondoka katikati ya msimu, mnarudishiwa nini?

Viza ya Schengen huombwa hadi miezi 6 kabla ya safari. Omba mapema, gari haliwezi kumngoja.

Dalili ya mafanikio: nusu ya kwanza ya orodha msimu wa kwanza, na timu nyingine inakupigia wewe simu.

## Hatua ya 11: Kupanda hadi juu

Kutoka Formula 4 huja Formula Regional yenye farasi 270 hivi, kisha FIA Formula 3 yenye 380 na magari 30, kisha Formula 2 yenye 620 na magari 22. Formula One ina viti 22 tangu msimu wa 2026. Njia nyingine za kulipwa zipo: IndyCar ya Marekani na Super Formula ya Japani, na dereva anayepata mshahara huko ni dereva kamili.

Kwa Formula One lazima apate leseni maalumu ya FIA. Masharti makuu: miaka 18, alama 40 ndani ya misimu mitatu, mtihani wa kanuni, na kilomita 300 kwa kasi ya mbio ndani ya gari la Formula One. FIA inaweza kumruhusu wa miaka 17, lakini usipange maisha juu ya neno "inaweza". Max Verstappen alianza na miaka 17 mwaka 2015, kanuni zikakazwa baada yake, na yeye ni mtoto wa dereva wa Formula One na mama aliyeshindana gokati.

Alama zipange hivi: bingwa wa Formula 4 hupata 12, bingwa wa Formula 3 hupata 30, na watatu wa juu wa Formula 2 hupata 40 kila mmoja. Ina maana msimu mmoja mzuri wa Formula 2 unatosha, na misimu mitatu ya katikati ya orodha haitoshi. Unapochagua kati ya kupanda daraja na kurudia msimu ili ushinde, hesabu hizo alama kabla ya kuamua.

Jambo la mwisho ambalo wazazi hulisahau. Mwombaji lazima awe na leseni ya kimataifa ya daraja A, ambayo hutolewa na shirikisho la nyumbani. Kanuni ziliwahi kudai pia kibali cha kawaida cha kuendesha gari barabarani, hivyo kiwe tayari. Kwa hiyo zile risiti za klabu za Hatua ya 2 zitahitajika tena, na mwezi ule kijana anaotimiza miaka 18 mrudishe Kampala wiki chache, umpeleke shule ya udereva, abandike ile L nyekundu nyuma ya gari, afanye mtihani kama wenzake wote.